Mwaka Nilioshindwa Kula na Bibi

Nitaanza na funza, maana nikianzia kwingine nitapata njia ya kuwaruka. Walikuwa watatu, weupe, wadogo kuliko punje ya mchele, wakijinyonganyonga ndani ya kidonda cha mguu wa bibi yangu mzaa mama. Nilikuwa na miaka tisa. Mkononi nilikuwa na kipande cha kanga kuukuu na mbele yangu karai la maji ya chumvi, kwa sababu kazi ya kumwosha Bibi mguu kila jioni ilikuwa yangu. Niliwafuta, nikakunja kile kitambaa, nikaenda kukitupa chooni. Sikumwambia mtu. Halafu nikanawa mikono nikaenda kula na wenzangu.

Ugonjwa wangu ulianzia hapo, na kwa kuwa sikuusema ulichukua zaidi ya mwaka, na nusura ummalize mtu ambaye hata hakuwa mgonjwa wake. Naandika kwa ajili ya mzazi ambaye leo ana mtoto anayekaza mdomo mbele ya chakula, na majirani wameshaanza kumletea sababu zao. Mambo ya kitabibu sitayagusa. Siyajui, na niliyoelezwa ukubwani nimeyasahau nusu. Ninachokijua ni benchi la hospitali, ladha ya nyongo na midomo ya watu, na katika hivyo vitatu sijui kipi kinanichefua zaidi.

Kwetu ni Misunkumilo, pembeni ya mji wa Mpanda. Miaka hiyo ya sabini Baba alikuwa kibarua stesheni ya treni, Mama analima. Bibi aliletwa kutoka Sibwesa kwa lori la mahindi ili mguu wake utibiwe hospitali ya misheni. Alikwenda mara tatu. Mara ya nne akasikia kwamba mama mmoja aliyekuwa anakaa naye benchi amekatwa mguu, basi akasema yeye pale harudi, atazikwa na miguu yake miwili. Mguu ukabaki nyumbani, na mimi ndiye nikawa muuguzi.

Nilimpenda Bibi, hilo lieleweke. Tulilala kitanda kimoja. Alikuwa ananisuka, na akinisuka ananisimulia watu wa kwao mmoja mmoja na ubaya wao. Lakini mguu ule ulikuwa unanuka, na hakuna upendo unaozuia pua. Ulikuwa na harufu ya nyama iliyosahaulika kwenye chungu, na chini yake harufu nyingine tamu, na ile tamu ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nilijifunza kupumulia mdomo. Nikagundua kwamba ukipumulia mdomo, harufu inageuka kuwa ladha.

Nyumbani Baba alikula peke yake, hasa kwa sababu mama mkwe wake alikuwepo, na wawili hao hata salamu walipeana kwa mbali. Wanawake na watoto tulizunguka ugali mmoja na bakuli moja la mboga. Jioni ile ya funza mboga ilikuwa migebuka. Bibi aliinama kwanza kukuna pembeni mwa kitambaa cha mguu, kwa kidole cha shahada, taratibu, kama mtu anayewaza jambo jingine. Kisha kidole kilekile kikaingia kwenye bakuli, kikachambua samaki, kikatoa miiba, kikaniwekea mnofu upande wangu. Huo ulikuwa upendeleo, mnofu wa tumboni. Niliutia mdomoni. Ukarudi, na kila kilichokuwa chini yake kikarudi nao, vyote ndani ya bakuli la watu.

Wadogo zangu walikimbia. Mama alinivuta sikio akanipeleka nje. Bibi alisema, "Mwacheni, ana homa," akainuka yeye, na mguu wake ule, akamwaga mboga akaosha bakuli.

Kesho yake nilikaa tena. Ugali nilioumega mwenyewe ulishuka kidogo, ila mkono wa Bibi ulipopita mbele yangu ukarudi wote. Baada ya wiki haikuwa mboga tu. Ikawa ugali, ikawa uji, ikawa kila kilichopita jikoni kwetu. Wakati mahindi mabichi yalipotoka nilikuwa naweza maji na matunda ya kuokota tu, na maji yenyewe mpaka niyachote mimi. Halafu hata mate yangu nikaanza kuyaonea kinyaa. Hayashuki. Nikawa natembea na kopo la maziwa ya unga, natema humo, asubuhi mpaka jioni. Mama ndiye aliyekuwa akilimwaga na kulisuuza bila neno. Katika mambo yote aliyonifanyia mama yangu, na ni mengi, nakumbuka zaidi jinsi alivyolishika lile kopo bila kukunja uso.

Nilikonda. Magoti yakawa makubwa kuliko mapaja. Nywele zikawa nyekundu, zinatoka zenyewe kwenye mto. Fizi zikatoa damu, na mdomo wangu ukaanza kunuka, nami nikajisikia. Mtu anayeona kinyaa kwa wengine kisha akaanza kunuka yeye hana pa kukimbilia.

Mtauliza kwa nini sikusema. Kwetu kumwambia mkubwa kwamba unamwonea kinyaa ni kumvua nguo hadharani. Mtoto akisema hivyo anachapwa, na mama yake anaulizwa amemlea vipi. Isitoshe Bibi mwenyewe angesikia. Kwa hiyo niliulizwa na kila mtu, kwa upole na kwa viboko, na jibu langu likawa moja: "Sitaki."

Kwanza nilipewa dawa ya minyoo zahanati. Wakatoka minyoo wawili, Mama akafurahi, mimi nikatapika kwa kuwaona. Baada ya mavuno Baba akanipeleka kwa mganga upande wa Kasekese. Alinipa maji ya magome, mazito, yanavutika kama makamasi, niyanywe asubuhi tatu nitapike. Fikiria hapo, unamtapisha mtu ambaye shida yake ni kutapika. Asubuhi ya tatu ilitoka nyongo ya kijani na damu kidogo. Yule mzee akaitazama ile nyongo muda mrefu, akasema kuna mkono wa ndani ya nyumba. Hakutaja mtu. Alikuwa mwerevu.

Shangazi yangu, dada yake Baba, ndiye aliyeunganisha mambo. Alikaa mtaa wa pili na sisi na hakupenda kuona nyumba ya kaka yake inalisha mkwe. Siku moja nilikuwa kwake nikala kiazi cha kuchoma, kizima, na ganda lake. Nilikitoa majivuni mwenyewe. Hakuna aliyekigusa kabla yangu, ndiyo maana kilishuka. Shangazi alinitazama nikila kama mtu anayetazama mwizi.

"Mbona kwangu unakula?" akauliza.

Nikaendelea kutafuna.

"Kwangu anakula, kwa bibi yake hali," akamwambia Baba jioni ile, mimi nikiwepo. "Kaka, wewe unahitaji uambiwe mara ngapi?"

Baba alikuwa mtu mwoga wa maneno. Akasema twende kwanza hospitali ya misheni.

Benchi la hospitali ile lilikuwa limeng'arishwa na makalio ya watu. Tulikaa toka asubuhi mpaka jua la utosi, tukisogea makalio mawili, tunasimama kupisha mwenye kuhara, tunakaa. Mbele yetu mtoto alitapika sakafuni, mhudumu akaja na tambara na ndoo ya maji ya dawa, akasambaza. Jirani yangu alikuwa mzee mwenye kikohozi anayetema kwenye leso, anaifungua kuangalia, anaikunja. Kila akiifungua nami nilitazama. Sikuweza kujizuia. Siku ya pili daktari alinipima, akasema tumbo halina kitu, na kwamba kuna mama anakuja kwa treni kutoka Tabora, wiki moja kila mwezi, nikamwone huyo.

Huyo ndiye Bi Skola. Habari zake alinieleza mwenyewe baadaye, vipande vipande. Alizaliwa Ufipani, akasomea uuguzi kwa masista, akafunga vidonda vya watu miaka mitano kwenye zahanati moja karibu na ziwa. Kule akawa anaona watoto wanaoletwa hawasemi, au hawalali, au wanajikojolea na umri umeshakwenda, na kabatini hakuna kidonge chao. Akaomba asomeshwe. Wakampeleka Ulaya miaka mitatu akajifunza akili za watoto, namna wanavyoogopa na wanavyoficha, na jinsi mikono yao inavyosema yale ambayo mdomo umekataa. Leo tungemwita mwanasaikolojia wa watoto. Wakati ule Mpanda hakuna aliyelijua jina hilo, watu wakamwita daktari wa watoto wagumu, na wengine wakasema tu yule mama anayecheza.

Maana kweli alikuwa anacheza. Chumba chake kilikuwa stoo ya magodoro, mkeka chini, yeye chini pamoja nami, bila koti jeupe. Kulikuwa na wanasesere wa magunzi ya mahindi na karai la udongo wa kichuguu uliolowekwa. Hakuniuliza kwa nini sili. Hilo tu lilinifanya nimtazame, maana nilikuwa nimeshaulizwa na nusu ya Mpanda. Siku ya kwanza tulifinyanga ng'ombe. Siku ya pili akasema tufinyange watu wa nyumbani kwangu na bakuli lao, tuwapange wakila. Niliwapanga wote. Wa Bibi nilimshika muda mrefu, nikaenda kumweka mlangoni. Bi Skola akatazama, akaandika kwenye daftari.

Siku ya tatu akawaita wazazi wangu. Shangazi akaja bila kuitwa. Bibi alibaki nyumbani na mguu wake.

"Dafroza, waonyeshe ulivyowapanga," Bi Skola akaniambia, kwa ile sauti yake ya taratibu.

Nikawapanga.

"Na huyu wa mlangoni ni nani?"

"Bibi."

"Ukikaa naye kula unajisikiaje?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa mate, nikatema kwenye kopo. Sikukusudia liwe jibu.

Shangazi akasimama. "Tumesikia," alisema.

"Mama, kaa kwanza, hatujamaliza," Bi Skola akasema, lakini Baba alikuwa ameshatoka na kofia yake mkononi.

Alikosomea yeye, familia inakusanywa, mtoto anaonyesha kinachomsumbua, watu wanalia kidogo, wanashikana mikono, ndiyo mwanzo wa kupona. Kwetu, familia ikikusanywa mbele ya mtaalamu na mtu akatajwa jina, hiyo ni ramli, na ramli haina rufaa. Tena huyu alikuwa amefinyanga sanamu za udongo na ya Bibi ikatolewa nje. Yule mzee wa Kasekese alikuwa na akili ya kutotaja mtu. Bi Skola, na elimu yake yote, alinitajisha mbele ya Shangazi.

Jumapili kanisani wanawake walisogea, Bibi akakaa benchi zima peke yake na rozari yake. Maji aliyoyachota yakamwagwa. Mama akawa hasemi na mtu. Upande mmoja mama yake mzazi, upande mwingine mtoto wake na ndugu za mumewe, na wote wanamtazama aseme kitu. Alimjia juu Baba mara moja tu, nikasikia kutoka uani: "Mama yangu ndiye amenizaa, ameshindwaje kunila mimi?" Jumanne, mchana kweupe, mtu akarusha jiwe kwenye bati la chumba cha Bibi. Kwetu kila mtu anajua jiwe la kwanza lina maana gani, na huwa halichukui muda mrefu kuletewa mwenzake. Alhamisi Baba akasema, bila kumtazama mtu, kwamba mama mkwe akapumzike kwao kwa muda.

Alipokuwa anapanda lori aliniita. "Dafo, nimekukosea nini mimi?"

Nikatazama kopo langu.

Nimetapika vitu vingi maishani. Ukimya wangu wa siku ile ndio unanichefua mpaka leo, na nimeshakuwa bibi wa watu. Ningesema neno moja tu. Sikulisema kwa sababu niliona haya kumwambia ananuka, na nikamwacha aondoke akiwa mchawi.

Halafu likatokea jambo baya zaidi. Nikaanza kula. Siku ya tano baada ya Bibi kuondoka uji ulishuka, kikombe kizima, ukakaa. Kesho yake ugali kidogo na mchicha. Mama alilia. Shangazi akaja kunitazama na mashoga zake wawili, wakakaa mbele yangu nikila, na yeye akasema, "Si mnaona wenyewe." Hapo nikaelewa kwamba kila tonge langu ni ushahidi. Nikiendelea kunenepa, Bibi anazidi kuwa mchawi. Nikaacha tena. Ila sasa sikujua kama mimi ndiye ninayekataa chakula au chakula ndicho kinachonikataa, na tumbo langu halikujali tofauti.

Treni ya mwezi uliofuata ilimleta Bi Skola. Mama alinipeleka, na safari hii hakukaa kwenye mkeka.

"Bibi yake yuko wapi?" Bi Skola akauliza.

"Amerudishwa kwao," Mama akasema. "Si nyie ndio mliosema?"

Nilimwona Bi Skola anabadilika rangi. Aliomba aambiwe yote, na Mama akamwambia yote, jiwe na benchi la kanisani na maneno ya Shangazi. Bi Skola alikuwa ameshika gunzi moja la kuchezea, analimegua taratibu mpaka likaisha mkononi. Mwisho akasema, "Mama Dafroza, nimekosa mimi. Si mtoto, si bibi. Mimi." Akaenda nyumbani kumwambia Baba hivyohivyo. Baba alimsikiliza kwa adabu, akamkaribisha maji, akamwambia kwamba hospitali ilishasema, haiwezi kusema tena.

Akaanza upya na mimi, peke yetu, mlango umefungwa. Akaniwekea ngazi, ndivyo alivyoiita. Ngazi ya kwanza ilikuwa ndizi niliyoimenya mwenyewe. Ya pili yai la kuchemsha, nalo nalimenya mwenyewe. Kisha karanga kwenye sahani, yeye anachukua upande ule, mimi huku. Kisha karanga hizohizo, anazichanganya kwa mkono. Tukikwama tunarudi ngazi moja nyuma, hakuna kugombezwa. Kama una mtoto wa hivi nakusihi ufanye hivyo, na ufanye mkiwa wawili, usimuulize lolote mbele ya ndugu. Tulikwama kwenye kuchanganya. Alipotia mkono nikaona vitu vyeupe vinajongea kwenye zile karanga, nikageukia ukutani.

Bi Skola akaanza kusimulia, kama anajisemea.

"Nilipokuwa muuguzi kazi yangu ilikuwa vidonda. Asubuhi nafungua ishirini, thelathini. Nikimaliza nakwenda nyuma ya stoo natapika. Kila siku, Dafroza. Miaka mitano. Nilikuwa nawapenda wagonjwa wangu, na nilikuwa nawaonea kinyaa."

Sikuwahi kumsikia mtu mzima akisema neno hilo kuhusu mtu. Niligeuka.

"Kulikuwa na funza?" nikauliza.

"Walikuwepo."

"Wa Bibi walikuwa watatu," nikasema.

Basi likatoka lote, kidole, mnofu, bakuli, kiazi cha majivuni. Nilisema mpaka nikakauka mate, mara ya kwanza kwa miezi. Bi Skola alifunga daftari lake. Kuanzia hapo karanga zilishuka, na kabla wiki yake haijaisha tulikula ubwabwa sahani moja, mikono miwili, mimi nikifumba macho.

Mama alipoambiwa hakunichapa. Alikaa kwenye lile benchi la nje, akauliza, "Kwa hiyo mama yangu yuko Sibwesa kwa ajili ya harufu?"

Bi Skola aliahirisha treni yake. Tulipanda lori watatu na Mama, tumekalia magunia, yeye na sanduku la bandeji na dawa ya zambarau. Kilikuwa kiangazi, vumbi mpaka kwenye meno. Bibi tulimkuta nyuma ya uwanja wa kaka yake, kwenye kijumba kilichokuwa cha mbuzi. Chakula aliwekewa kwenye jiwe, mita kadhaa kutoka mlangoni, na aliyekiweka anaondoka kabla yeye hajatoka. Mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini. Harufu ilitupokea kabla yake.

Bi Skola alipiga magoti akaufungua. Mimi nilishika karai, nilisema nitashika. Kitambaa cha mwisho kilitoka na ngozi, na nilichokiona chini yake sitakiandika, nina imani mmeshachoka. Niliweka karai chini, nikatoka, nikatapika ukutani.

"Bado mgonjwa huyu?" Bibi akauliza.

Nikarudi nikasimama mbele yake. "Bibi, ni kidonda," nikasema. "Nakionea kinyaa. Niliona funza. Mkono wako ukiingia kwenye bakuli mimi nawaona."

Mama alinipiga begani kwa mazoea tu.

"Mwache," Bibi akasema. Alinitazama. "Kinyaa?"

"Ndiyo."

"Kinyaa tu?"

"Ndiyo, Bibi."

Alicheka. Alicheka mpaka mguu ukamuuma, akamshika Bi Skola bega. "Unadhani ukiniosha nilikuwa natazama ukutani kwa nini?" akaniambia. "Hata mimi sitaki kuuona. Unanuka, mguu huu. Unanuka kuliko beberu." Kisha kicheko kikakatika, akajifuta uso na upande wa kanga. "Mwezi mzima nimekaa hapa najiuliza kama mtu anaweza kuwa mchawi na asijijue."

Nilidhani nimemvua nguo. Yeye alikuwa amevuliwa kitambo, na maneno haya ndiyo aliyokuwa anasubiri kufunikwa nayo. Alimwita kaka yake na mke wa kaka yake. "Sema tena," akaniambia. "Kwa sauti." Nikasema tena kwamba bibi yangu ananuka mguu na ndiyo maana sikuweza kula naye. Wakaitwa na majirani, nikasema mara ya tatu. Mke wa kaka akaenda kuchukua chakula kwenye jiwe, akakileta ndani, hakusema samahani. Bibi akasema hakai pale. Jina lake lilipotajwa ni Mpanda, na ndiko litakakosafishwa.

Bi Skola alimfunga mguu kwa siku tatu kwanza. Bibi alikubali kurudi hospitali kwa sharti moja, kwamba atakayemfungua ni Bi Skola au mtu aliyefundishwa naye, na asisikie habari ya msumeno. Nasema hapahapa kwamba mguu haukukatwa. Ulifunga polepole, ukamwachia kovu na mwendo wa kuchechemea.

Tuliporudi hatukwenda nyumbani. Bibi alimwambia dereva atushushe kwa Shangazi.

Shangazi alitukaribisha, mgeni hafukuzwi. Nikasimama katikati ya sebule yake nikasema yale niliyoyasema Sibwesa. Mabinti zake wakatazamana. Shangazi alikuwa anakunja kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja.

"Watoto hufundishwa maneno," akasema mwisho. "Karibuni chakula."

Chakula kilikuja kwenye mabakuli mawili. Kubwa likawekwa katikati yetu, Mama, mimi, Bi Skola, Shangazi na mabinti zake. Dogo, la bati, likawekwa pembeni karibu na mlango mbele ya Bibi. "Mama mkubwa ale kwa nafasi," Shangazi akasema, kwa adabu zote. Ilikuwa maharage. Mama aliinamisha kichwa. Bi Skola akanitazama, akatikisa kichwa kidogo, maana yake silazimishwi, ngazi hiyo bado hatujaifikia. Alikuwa sahihi. Hatukuwa tumeifikia.

Niliinuka, nikaenda kukaa mlangoni kwa Bibi. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya zambarau kwenye kucha na harufu ya dawa, na chini ya dawa ile nyingine, tamu. Alikata tonge, akachovya, akala. Nami nikakata la kwangu, nikachovya palepale alipochovya. Nyumba nzima ilikuwa imeacha kutafuna. Nililitia mdomoni likaanza kurudi, likafika hapa, kooni, na macho yakanijaa machozi.

"Bado kinyaa?" Bibi akauliza chini chini, bila kunitazama.

Nikaitikia kwa kichwa kwamba bado.

"Meza."

Nikameza.